Watumiaji wa Mwisho

Benchi letu liko kando ya barabara kuu ya Mombasa, hapa Voi, mkabala na uwanja wanaposimama madereva wa malori, kati ya kibanda cha Injinia cha kutengeneza simu na meza ya mitumba ya Mama Rada. Ni benchi la chuma, lina mgongo, na juu yake kuna paa la mabati lililopakwa rangi ya kijani. Voi nzima sijaona kijiwe kingine chenye mgongo. Zamani tulikuwa tunakalia kreti za soda na gogo moja lenye mchwa, na tulikuwa watu wenye heshima zao. Birika la kahawa nalo ni jipya, kubwa, la kukaa juu ya jiko la gesi, na Kitonga, mpika kahawa wetu, hulipangusa kila asubuhi kama gari la mwajiri. Mimi huitwa Kamusi kwa sababu nilifundisha Kiingereza miaka thelathini na mmoja katika shule za msingi za Mwatate. Nawaambia haya mapema mjue tulikuwa tumekalia nini Jumanne ile, maana tulibishana tangu saa nane mchana na hakuna hata mmoja aliyelitaja benchi.

Ubishi uliletwa na redio ya Injinia. Msomaji wa habari alisema lori limekamatwa wiki iliyopita karibu na mpaka likielekea Juba, limebeba darubini thelathini za kuona joto, vifaa ambavyo haviruhusiwi kupelekwa kule kwa sababu ya marufuku ya silaha. Akasema dereva ni mkazi wa Maungu. Kisha akasema darubini hizo, kwa mujibu wa karatasi zilizopatikana ndani ya lori, ni mali ya kikundi cha wakulima wa Voi kiitwacho Tuamke, kilichopewa ili kilinde mashamba dhidi ya ndovu, na kwamba dereva anashukiwa kuziiba. Injinia akaizima redio. Redio hiyo haizimwi hata mwenyewe akienda kula.

Tuamke ni sisi.

Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Katiba. Jina lake ni Maundu, na zamani alikuwa akiita majina ya washtakiwa pale kortini, kwa hiyo huamini kwamba sheria ilimwingia kupitia masikioni.

Katiba: Hiyo kesi haina miguu.

Mama Rada: Haina miguu aje, na imefika redio?

Katiba: Mama Rada, sikiza. Vikwazo si sheria. Vikwazo ni kama kijana amekosa adabu kwao, baba yake anazunguka kwa majirani anawaambia, huyu msimpatie chapati. Sasa wewe jirani ukimhurumia umpatie chapati, polisi watakushika?

Injinia: Inategemea chapati.

Katiba: Chapati ni chapati.

Injinia: Buda, hiyo si chapati. Mimi nilishika hiyo kitu kwa mkono yangu. Ni kamera ya joto. Msee akijificha nyuma ya kichaka, yeye anadhani amejificha, na wewe unamuona tu kama jiko imewashwa.

Mama Rada: Inaonanga ndovu.

Injinia: Inaona joto, mathe. Haiulizi ni joto ya nani.

Lori la saruji lilipita, mabati ya paa letu yakatetemeka. Kitonga alitujazia vikombe bila kuulizwa. Huyu Kitonga huongea mara mbili kwa wiki, na wiki hiyo alikuwa hajatumia hata mara moja.

Katiba: Wahenga walisema, wapiganapo ndovu wawili ziumiazo ni nyasi. Maana yake nini? Fyeka nyasi. Kama hakuna nyasi hakuna wa kuumia.

Mama Rada: Na huyo dereva ndiye nyasi?

Katiba: Mimi nimetaja dereva? Nimetaja nyasi.

Injinia: Lakini tuseme ukweli, labda hakuna mtu amefanya kitu. Hizo kamera ziko na setelaiti. Zimetengenezwa zitafute joto. Ukiziweka kwa lori zenyewe zinavuta lori kwenye kuna joto. Juba kuna joto kuliko Voi. Dereva anashika usukani lakini gari inaenda yake.

Katiba: Hata Voi kuna joto.

Injinia: Si kama Juba.

Mama Rada: Nyinyi hamjui kitu. Mimi nitawaambia ni nani.

Mama Rada ana kipaji cha kujua jambo kabla halijatokea, ndipo akapata jina. Alivuta kiti chake, akapunguza sauti, akaangalia upande wa milimani kama kwamba huko ndiko adui alikokaa.

Mama Rada: Ni ndovu.

Injinia: Ndovu wameingia aje hapa?

Mama Rada: Si huwa wamefungwa zile kola shingoni, za kuangaliwa kwa kompyuta? Hizo kola zinaongea. Ndovu wakasikia Tuamke wanaletewa mashine ya kuwaona. Unafikiri wangekaa tu wangoje? Ndovu anakumbuka njia miaka hamsini. Ameshindwa kupanga lori moja?

Katiba: Ndovu hana mkono wa kuandika.

Mama Rada: Na wewe uko nao, umeandika nini la maana?

Hakukusudia kuchoma, najua. Lakini Katiba aligeukia kikombe chake, Injinia akachukua bisibisi akaanza kufungua simu ambayo alikuwa amekwisha kuifunga, na mimi nikajifanya nasoma maandishi ya gazeti lililofungia mandazi. Kadiri nadharia ilivyokwenda mbali na benchi ndivyo tulivyoipenda. Tungeweza kufika mwezini siku hiyo, mradi tusirudi Aprili.

Sasa niirudie Aprili mwenyewe, kwa kuwa ni mimi niliyeisoma ile karatasi.

Ndovu walikuwa wamemaliza mahindi ya Kitonga mara ya tatu. Walivunja na tangi lake la maji, wakaoga humo kama wageni wa hoteli. Madam Cynthia akatokea, mwanamke mpole kutoka Nairobi, gari safi, kompyuta kwenye mkoba. Alisema ameguswa na shida yetu. Alisema kuna kiwanda ng'ambo kinachotengeneza darubini za kuona joto, lakini serikali ya kule hairuhusu ziuzwe ovyo, ni lazima apatikane mtu wa kuapa kwamba yeye ndiye atakayezitumia, na kwamba zitaishia kwake. Kiapo hicho kinaitwa cheti cha mtumiaji wa mwisho. Akatuonyesha darubini moja, tukaangaliana nayo, tukamwangalia mbuzi, tukacheka. Kisha akasema atatujengea benchi na paa, atununulie na birika, iwe ofisi ya kikundi kwa kuanzia.

Karatasi ilikuwa na kurasa nne za Kiingereza. Wenzangu walinikabidhi niwasomee, kama kawaida yetu hapa: mwenye cheti cha ardhi, mwenye barua ya korti, mwenye simu yenye ujumbe wa benki, wote huja benchini Kamusi asome. Ukurasa wa tatu ulisema hivi, na ninaukumbuka kuliko aya nyingi za Biblia: sisi tuliotia sahihi tunathibitisha kwamba tumepokea vifaa thelathini, hatutaviuza, hatutaviazima, hatutaviruhusu vivuke mpaka wa Kenya, na kamwe havitafikishwa katika nchi iliyowekewa marufuku ya silaha, na atakayesema uongo katika hati hii atashtakiwa.

Tumepokea. Wala hatukuwa tumepokea kitu.

Niliisoma kimoyomoyo. Nikainua macho, nikaona fundi ng'ambo ya barabara anachomelea mgongo wa benchi. Nikawaambia wenzangu, "Hapa wanasema tuvitunze vizuri." Hiyo ndiyo tafsiri niliyotoa, mimi niliyewachapa watoto wa watu kwa kuruka mstari katika imla. Sikulipwa zaidi ya wengine. Madam aliniita Mwalimu, akanipa kalamu wa kwanza, na kumbe bei yangu ilikuwa hiyo.

Siku ya makabidhiano tulipigwa picha, kila mmoja amekumbatia sanduku. Sanduku lilikuwa jepesi. Injinia alilitikisa lake, akanitazama, mimi nikaitazama kamera. Kitonga ndiye pekee aliyeuliza, "Na mashine zenyewe?" Madam akasema zinawekewa betri Nairobi. Katiba akamnong'oneza Kitonga kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi sote tukainama, tukaweka sahihi.

Tulikuwa na shida ya kweli, ndiyo inayoniuma. Hatukubuni ndovu. Tuliwauza ndovu wa Kitonga pamoja na mahindi yake waliyokula, na hatukupata hata darubini moja.

Na kuna jambo la Julai, ambalo Jumanne ile kila mtu alikuwa analijua na analikalia kimya. Dereva yule wa Maungu anaitwa Muinde. Alisimama hapa kunywa kahawa, na lori lake lilikuwa pale uwanjani. Alitoa karatasi za mzigo mfukoni, akasema, "Wazee, mnisaidie. Hii karatasi inasema mzigo ni wa wakulima wa Voi. Nimepakia Mombasa, nikaambiwa nisishushe Voi, nipeleke Juba. Ni sawa kweli?" Alimuuliza kila mtu lakini alikuwa ananitazama mimi. Nililiona jina la Tuamke kwenye karatasi, na chini yake sahihi yangu, nzuri, yenye mkia. Nikamwambia, "Labda hata huko wana ndovu." Watu wakacheka. Muinde naye akacheka, akakunja karatasi yake, akanishukuru, akaenda.

Ndiyo maana Jumanne tulikuwa tunazungumza habari za kola za ndovu.

Injinia: Sasa kama dereva atasema alipita hapa?

Katiba: Alipita wapi? Barabara ni ya serikali. Kila mtu anapita.

Injinia: Na akisema alituuliza?

Katiba: Kuuliza si ujinga. Na kuulizwa si kosa.

Mama Rada: Katiba, tuambie tu. Tukienda tuseme ukweli, kwamba hatukupewa kitu, tutafanywa nini?

Ilikuwa mara ya kwanza kumwona Katiba akitafuta sheria asiyoipenda.

Katiba: Tukisema hatukupewa, basi tulidanganya kwa sahihi. Watano sisi. Hiyo ni korti.

Mama Rada: Na tukinyamaza?

Katiba: Tukinyamaza, sisi ni walalamishi. Tumeibiwa. Tutapewa pole.

Injinia: Noma.

Katiba: Mficha uchi hazai, lakini sisi tumeshazaa wote. Tufiche tu.

Nilitaka kusema kitu hapo. Kweli nilitaka. Nikafungua mdomo, na Kitonga akadhani naomba kahawa, akanijazia, na mimi nikaona nisimvunje moyo. Kwa vijisababu kama hivyo mtu hupitisha miezi.

Ndipo mwanamke akavuka barabara kutoka upande wa stendi. Alikuwa mwembamba, amevaa sweta ya kanisa juu ya gauni, kichwani kitambaa cheupe, na amebeba mfuko wa ndengu kama kilo kumi hivi. Alituamkia mmoja mmoja kwa mkono, kisha akabaki amesimama.

Mgeni: Wazee wangu, samahani. Natafuta watu wa Tuamke. Nimeelekezwa hapa.

Mama Rada aliitupa leso yake juu ya sanduku lililokuwa chini ya meza, lile lile la picha, ambalo siku hizi anawekea soksi.

Kitonga: Ni sisi.

Basi Kitonga akawa ametumia zamu yake ya kwanza.

Mgeni: Asante Mungu. Mimi ni Kasyoka, natoka Maungu. Mimi ndiye bibi ya Muinde. Yule dereva.

Katiba: Karibu, mwaitu, mama yetu. Keti.

Kasyoka: Sitaketi kwanza, mzee. Mtu amekuja na makosa haketi.

Injinia: Makosa gani tena?

Kasyoka: Ya mume wangu. Nimekaa na yeye miaka kumi na sita. Hajawahi kuleta nyumbani hata kamba ya mtu. Lakini wamesema amewaibia, na mimi ni nani nibishane na redio. Nikasema kabla ya kwenda kumuona huko, nipitie kwa wenyewe niombe msamaha. Mimi na watoto. Nimewaletea hizi ndengu, ni za shamba yetu. Si malipo. Najua hizo mashine haziwezi lipwa na ndengu.

Aliuweka mfuko juu ya benchi, katikati yetu. Kisha akauliza nani kati yetu ndiye aliyeharibiwa mahindi, maana amesikia kuna mzee ambaye ndovu walimmalizia shamba na hakuwa na mashine ya kuwaona. Tukamtazama Kitonga. Kasyoka akamwendea, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akainamisha kichwa. Kitonga alikuwa anatazama ndani ya birika kana kwamba kuna mtu humo.

Katiba: Mwaitu, hizi ndengu... hatuwezi. Rudi nazo.

Kasyoka: Mnakataa?

Katiba: Si kukataa. Ni... sisi hatuna neno na Muinde.

Kasyoka: Mzee, nani ameibiwa na hana neno? Nyinyi ni watu wema mnanificha tu.

Kutwa nzima nilikuwa naona haya ya kawaida, ile ya kutazama chini. Hiyo iliyonijia sasa ilikuwa nyingine. Niliona joto linapanda shingoni hadi masikioni, na nikawaza kama kungekuwa na mmoja mwenye darubini ile ng'ambo ya barabara, angeniona nawaka peke yangu.

Mama Rada: Mama Kasyoka, hizo mashine...

Katiba akakohoa.

Mama Rada: Hizo mashine, wakili anasemaje?

Kasyoka: Tumepata wakili kwa msaada wa kanisa. Anasema kuna kesi mbili. Ya kwanza ni ya kubeba vitu vimekatazwa kupelekwa huko. Hiyo anasema ingeweza kupungua, kwa sababu Muinde hakujua, alipewa karatasi na tajiri wake, akabeba. Na tajiri hapatikani kwa simu. Lakini ile ya wizi ndiyo inamfunga. Wanasema mtu hawezi kuiba kitu na asijue ni kitu gani. Kama aliiba, basi alijua. Na kama alijua, ni miaka mingi.

Injinia aliiweka bisibisi chini.

Injinia: Kwa hivyo kama hakuiba...

Kasyoka: Kama hakuiba, anaweza kurudi. Lakini ziko kwa karatasi kwamba ni zenu, mlizipokea, mko na picha hata. Sasa atasema nini?

Alikuwa haulizi. Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuzoea. Kisha akaligusa benchi kwa kiganja.

Kasyoka: Benchi nzuri hii. Mlijengewa na kaunti?

Katiba: Wafadhili.

Kasyoka: Mungu awabariki.

Akageuka kwetu sote.

Kasyoka: Mama mkwe wangu alikuwa Mtaita, wa hapo juu ya Mwatate. Alinifundisha kitu kimoja. Ukimkosea Mtaita usimletee maneno mengi, mpe kinywaji atase. Hasira ikitoka kwa moyo yake, hata kama korti itamfunga mtu, angalau hatafungwa na laana juu. Nani mkubwa hapa?

Wote wakanitazama mimi. Hawakuwa na ubaya, ni kweli mimi ndiye mkubwa, na Mdawida, yaani Mtaita, pekee kwenye benchi.

Huenda wengine hamjui kutasa. Kwetu, mtu aliyekosewa akiwa na kinyongo hupewa kikombe. Anapiga funda, analishika mdomoni akimfikiria aliyemkosea, analitema chini mbele ya watu, kisha anasema: kama kulikuwa na hasira moyoni mwangu, imetoka. Babu zetu walitumia pombe ya miwa. Sisi wa kanisani hutumia maji au soda, na pasta hujifanya hajaona. Nyanya yangu alikuwa na sharti moja: kikombe hupewa aliyekosewa. Ukimpa mwenye hatia atatema nini, aliuliza, na sisi watoto tukacheka kwa kuwa tulidhani ni kitendawili.

Kamusi: Mama, labda siku nyingine. Hatuna kinywaji cha maana.

Kasyoka: Hata kahawa, mwalimu. Si ni kinywaji?

Kitonga alinitazama. Nilimwomba kwa macho aseme kahawa imeisha. Hakusema. Aliinamisha birika hadi kitako kikaelekea juu, akanijazia kikombe cha mwisho, kizito, chenye mashapo, akanipa kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Wenzangu wakasimama. Mimi nikasimama. Dereva mmoja uwanjani akavua kofia, bila kujua ni nini.

Nikapiga funda, nikalishika.

Kasyoka alikuwa ameinama kidogo mbele yangu, akingoja. Kisha akakumbuka kitu, akafungua mkoba wake, akatoa daftari la shule la mtoto na kalamu.

Kasyoka: Kabla hujatema, mwalimu, unisamehe. Ni jambo moja tu nisije nikasahau, wakili ataniuliza. Anataka tarehe. Alizichukua kwenu siku gani?

Magari yalipita mawili. La pili lilikuwa la abiria, lilipiga honi.

Kasyoka: Hata kama hamkumbuki siku. Mwezi tu.

Katiba, aliyeita majina ya watu kortini kwa miaka kumi na minane, alikuwa anahesabu mabati ya paa. Injinia aliipuliza simu isiyokuwa na vumbi. Mama Rada aliikanyaga leso yake kwa mguu isije ikapeperuka. Kasyoka aliinua uso, akatupitia mmoja mmoja kwa macho, akarudi kwangu, kwa kuwa mimi ndimi mwalimu na walimu hukumbuka tarehe. Kalamu yake ilikuwa imeshagusa karatasi. Nilikuwa nazo tarehe zote mbili, ya Aprili na ya Julai, na hakuna hata moja kati yake iliyokuwa jibu la swali lake, kwa kuwa siku aliyoiuliza haikuwahi kuwako. Hayo ndiyo niliyopaswa kusema. Ni maneno matatu: hakuna siku aliyotuibia. Nilihitaji tu kutema ili niyaseme.

Nikameza.

Alisikia, nadhani. Alitazama chini mbele ya viatu vyangu, udongo ukiwa mkavu, akaitazama tena midomo yangu. Akaifunga kalamu polepole.

Kasyoka: Bado una hasira, mwalimu.

Nikamrudishia Kitonga kikombe.

Kasyoka: Si neno. Hata mimi ningekuwa nayo. Nitarudi wiki ijayo, labda itakuwa imepoa.

Alitupa mkono tena, mmoja mmoja, vile vile alivyokuja. Alipofika kwangu aliushika wangu kwa muda, kama mtu anayempa pole mfiwa. Kisha akavuka barabara kwenda kungojea gari la Maungu. Akasimama pale juani, ng'ambo, hatua hamsini kutoka kwetu, kwa muda wa nusu saa nzima. Gari halikuja haraka. Tulikuwa na nusu saa.

Kitonga: Kahawa imeisha.

Hakuna aliyekaa. Mfuko wa ndengu ulibaki juu ya benchi peke yake, umeegemea mgongo.